Hong Kong majira ya baridi: Bandari iliyoneemeka kwa mzigo wa jirani

Kila mwaka kati ya Desemba na Februari, wakati wakazi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wanahangaika na joto la kaskazi, mji wa bandari wa Hong Kong, kusini mwa China, huingia katika majira yake mazuri zaidi kwa mgeni. Vimbunga vya miezi ya joto vimekwisha, unyevunyevu umepungua, na anga huwa safi kiasi kwamba mtu aliyesimama ufukweni Kowloon anaweza kuhesabu maghorofa ya kisiwa cha ng'ambo moja baada ya jingine.

Lakini kwa mfanyabiashara anayetoka Kariakoo, Eastleigh, Kikuubo au Bujumbura, haya si majira ya kupiga picha tu. Ndizo wiki ambazo viwanda vya kusini mwa China hukimbizana na Mwaka Mpya wa Kichina, nafasi katika meli huwa finyu, na oda iliyochelewa siku chache kiwandani inaweza kuchelewa miezi kufika nyumbani. Anayekwenda huko bila kuijua kalenda hiyo anaweza kurudi na kumbukumbu nzuri na hasara kubwa.

Zaidi ya hayo, Hong Kong ina jambo la kuziambia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ambazo bandari zake zinagombea mzigo uleule wa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Upepo mmoja, hali mbili

Baridi ya Hong Kong huletwa na upepo unaoshuka kutoka kaskazini, katika nchi kavu za Siberia na Mongolia. Ni sehemu ya mfumo mkubwa wa pepo za msimu wa Asia ambao, juu ya Bahari ya Hindi, watu wa Pwani huuita kaskazi. Huo ndio upepo uliosukuma majahazi kutoka Ghuba na India hadi Lamu, Mombasa na Unguja kwa karne nyingi. Tofauti ni kwamba kaskazi hufika Afrika Mashariki ukiwa umevuka bahari yenye joto, ilhali Hong Kong huupokea upepo wake karibu moja kwa moja kutoka bara.

Kwa wastani, joto la Januari mjini humo ni kati ya nyuzi 16 na 17. Kwa mtu wa Nairobi au Mbeya, hiyo ni asubuhi ya Julai. Tatizo huja upepo wa bara unapozidi nguvu: ndani ya siku moja joto linaweza kuporomoka hadi chini ya nyuzi 10. Januari 24, 2016, Idara ya Hali ya Hewa ya Hong Kong ilirekodi nyuzi 3.1, kiwango cha chini kuliko vyote kwa karibu miaka 60. Siku hiyo watu wengi walipanda mlima Tai Mo Shan, wenye urefu wa meta 957, ili kuona barafu kwa macho yao. Njia ziliteleza, wengi wakakwama, na waokoaji waliotumwa kuwasaidia nao wakawa wanaanguka.

Jambo linalowashangaza wageni wengi ni kwamba baridi huwa kali zaidi ndani ya nyumba kuliko nje. Majengo ya Hong Kong yamejengwa kupambana na joto. Mengi hayana mfumo wa kupasha vyumba moto, na kuta za zege hukaa baridi usiku kucha. Gesti za bei nafuu nyingi hazina hita. Anayesafiri anashauriwa kubeba sweta, koti linalozuia upepo na soksi nzito, na kuvaa nguo kwa tabaka ili azipunguze anapoingia kwenye treni.

Kwa wazee wanaoishi peke yao, na kwa zaidi ya watu 200,000 wanaoishi katika vyumba vilivyogawanywa vipande vipande, baridi hiyo ni suala la uhai. Ndiyo maana idara hiyo inapotoa tahadhari ya baridi kali, serikali hufungua kumbi za muda ambamo asiye na makazi mazuri hupata mahali pa kulala na blanketi.

Maji katikati ya mji

Hong Kong ina watu takribani milioni 7.5 katika eneo dogo kuliko kisiwa cha Unguja, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni milima. Mji wenyewe umebanwa pande mbili za mkondo wa maji: kusini kuna Kisiwa cha Hong Kong, kaskazini kuna rasi ya Kowloon iliyoungana na bara. Kati yao kuna Bandari ya Victoria, maji yenye kina ambayo Waingereza waliyatamani na kuyatwaa mwaka 1841.

Jina la mji kwa Kichina humaanisha bandari yenye harufu nzuri. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba zamani eneo hilo lilikuwa kituo cha kusafirisha miti ya udi. Msomaji wa Pwani, ambaye nyumba yake haikosi chetezo, hana haja ya kuelezwa kwa nini bidhaa hiyo ilikuwa na thamani ya kuupa mji jina.

Njia bora ya kuiona bandari hiyo ni ileile inayotumiwa na wafanyakazi wa kawaida: kivuko cha Star Ferry, chenye boti za rangi ya kijani na nyeupe, ambacho asili yake ni mwaka 1888. Safari kutoka Tsim Sha Tsui hadi Central huchukua chini ya dakika 10 na nauli ni dola chache za Hong Kong. Anayefahamu msongamano wa Likoni au Magogoni atashangaa kuona utulivu uliopo. Sababu ni kwamba kivuko si tegemeo pekee. Handaki la kwanza la magari chini ya maji lilifunguliwa mwaka 1972, na sasa yako matatu, mbali na njia za treni zinazopita chini ya bandari hiyohiyo.

Jioni, mitaa ya Kowloon hunukia njugu za chestinati na viazi vitamu vinavyochomwa kwenye mikokoteni. Katika migahawa, familia huzunguka chungu cha supu kinachochemka mezani, kila mmoja akitumbukiza nyama na mboga zake. Karibu na Desemba 21 au 22, siku yenye usiku mrefu kuliko zote katika mwaka, ofisi nyingi huwaruhusu wafanyakazi watoke mapema wakale na wazazi wao. Mgeni Mwislamu ana Msikiti wa Kowloon kwenye Barabara ya Nathan, na upande wa pili wa maji, Wan Chai, uko msikiti wenye mgahawa wa vyakula vya Kichina vya halali.

Jengo linalojulikana Afrika

Mwendo mfupi kwa miguu kutoka msikiti wa Kowloon, kwenye barabara hiyohiyo, lipo jengo la Chungking Mansions, lenye ghorofa 17, lililokamilika mwaka 1961. Chini kuna maduka ya simu, ya kubadilishia fedha na migahawa ya Kihindi na Kipakistani. Juu kuna gesti zenye vyumba vidogo mno, na foleni ya lifti hujulikana kwa urefu wake.

Kwa miaka mingi jengo hilo lilikuwa mlango wa Mwafrika kuingia katika soko la China. Wengi waliingia Hong Kong kwa urahisi kuliko China Bara, Kiingereza kilitumika, malazi yalikuwa nafuu, na bidhaa hazikutozwa ushuru. Profesa Gordon Mathews wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, aliyelitafiti jengo hilo kwa miaka kadhaa na kuchapisha kitabu mwaka 2011, aliwahi kukadiria kwamba hadi asilimia 20 ya simu za mkononi zilizokuwa zikitumika Afrika kusini mwa Sahara zilipitia humo. Katika vitabu vya wageni vya gesti zake alihesabu watu wa mataifa 129.

Biashara hiyo imepungua. Wafanyabiashara walihamia Guangzhou ili wawe karibu na viwanda, kisha viwanda vyenyewe vikaifuata Afrika. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza simu za Tecno, ilijenga biashara yake kwa kuwauzia Waafrika moja kwa moja. Muuzaji wa Kampala au Kigali hahitaji tena kupanda ndege kwenda kununua mabegi mawili ya simu. Msambazaji yuko mtaa wa pili.

Wanaoendelea kupita Chungking Mansions leo wana sababu nyingine. Wapo wanaotafuta vipuri, saa, vifaa vya elektroniki na bidhaa za mtumba zenye ubora. Wapo wanaofungua akaunti za kampuni. Na wapo wanaolala siku mbili tu wakielekea au wakitoka China Bara. Hao ndio ambao kalenda ya baridi huwagusa zaidi.

Kalenda inayoweza kula mtaji

Mwaka Mpya wa Kichina hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe yake huhama kati ya Januari 21 na Februari 20. Mwaka 2025 uliangukia Januari 29, mwaka 2026 ni Februari 17, na mwaka 2027 ni Februari 6. Kwa Hong Kong yenyewe ni sikukuu ya siku chache. Maduka mengi ya familia hufungwa, masoko ya maua hufurika watu wanaonunua matawi ya mipichi na miti midogo ya michungwa, watoto hupewa bahasha nyekundu zenye fedha, na kwa kawaida fataki hurushwa juu ya Bandari ya Victoria siku ya pili.

Upande wa pili wa mpaka hali ni tofauti kabisa. Viwanda vya mkoa wa Guangdong vinategemea wafanyakazi waliotoka mikoa ya mbali, na hiyo ndiyo likizo yao kubwa ya mwaka. Wengine huondoka wiki nzima kabla ya sikukuu. Viwanda vingi hufungwa wiki mbili au zaidi, na baada ya hapo huchukua muda kurudi katika kasi yake kwa sababu baadhi ya wafanyakazi hawarudi kabisa.

Hesabu ya mfanyabiashara huanzia hapo. Kwa kawaida mnunuzi hulipa sehemu ya fedha kiwandani anapoagiza na kumalizia kabla ya mzigo kupakiwa. Kama mzigo haukukamilika kabla ya kufungwa, fedha yake ya awali hukaa kiwandani bila kazi. Ukikamilika dakika za mwisho, hukutana na wateja wengine wa dunia nzima wanaogombea nafasi katika meli, na nauli za makontena hupanda. Baada ya sikukuu, kampuni za meli hufuta baadhi ya safari kwa kuwa hakuna mzigo wa kutosha. Meli yenyewe, kutoka kusini mwa China hadi Mombasa au Dar es Salaam, huchukua wiki tatu hadi nne au zaidi, kabla ya forodha na safari ya lori kwenda Kampala, Kigali au Bujumbura.

Mwenye kontena zima anaweza kuvumilia. Anayeumia ni yule anayechangia kontena na wenzake, anayelipia kwa mita za ujazo, na ambaye mtaji wake ni mkopo wa kikundi au wa benki unaohesabu riba kila mwezi, mzigo uwe umefika au haujafika. Ndiyo maana wazoefu huweka oda kati ya Septemba na Novemba, huenda kukagua mzigo Desemba, na hutaka upakiwe angalau wiki tatu kabla ya sikukuu. Kwao, safari ya Hong Kong mwezi Januari ni ya kulinda fedha ambayo tayari imetoka mfukoni.

Mpaka ndani ya stesheni

Kuna mtego mwingine ambao hauhusiani na hali ya hewa. Hong Kong ilirudishwa China Julai 1, 1997, lakini ina uhamiaji wake, forodha yake na sarafu yake, ambayo thamani yake imefungwa kwa dola ya Marekani tangu mwaka 1983. Viza ya China haimpi mtu ruhusa ya kukaa Hong Kong, na ruhusa ya Hong Kong haimwingizi mtu China. Mwenye viza ya China ya kuingia mara moja akivuka kwenda Hong Kong kwa siku mbili, viza hiyo imekwisha kazi. Hawezi kurudi Guangzhou kukagua mzigo wake mpaka aombe nyingine. Anayepanga kwenda na kurudi anapaswa kuomba viza ya kuingia mara mbili au zaidi kabla ya kuondoka nyumbani.

Pamoja na mpaka huo kuwa mkali, kuuvuka ni rahisi. Tangu Septemba 2018, treni ya mwendo kasi hutoka stesheni ya West Kowloon hadi Guangzhou kwa takribani saa moja. Maofisa wa pande zote mbili wanafanya kazi katika jengo hilohilo: abiria hupita uhamiaji wa kutoka Hong Kong, hutembea hatua chache na kupita ule wa kuingia China, kisha hupanda treni bila kusimamishwa tena njiani. Mpango huo ulipingwa vikali na baadhi ya wakazi wa Hong Kong, waliohoji kuwapo kwa sheria na maofisa wa China Bara katikati ya mji wao.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki utaratibu huo si mgeni. Ndio unaotumika katika vituo vya pamoja vya mpakani vya Namanga, Busia, Malaba na Rusumo, ambako gari husimama mara moja badala ya mbili.

Mzigo hauna uaminifu

Utajiri wa Hong Kong haukutokana na viwanda vyake peke yake wala na madini, kwa kuwa madini haina. Tangu mwanzo ilitangazwa kuwa bandari huru. Hadi leo hutoza ushuru wa bidhaa za aina nne tu: pombe, tumbaku, mafuta ya petroli na jamii yake, na methili alkoholi. China ilipoanza kufungua uchumi wake na kuanzisha eneo maalumu la Shenzhen mwaka 1980, bidhaa za Guangdong hazikuwa na bandari kubwa ya kutokea. Zilipitia Hong Kong. Gati za makontena za Kwai Chung, zilizoanza mwaka 1972, zikaifanya kuwa bandari ya makontena yenye shughuli nyingi kuliko zote duniani kwa miaka mingi hadi mwaka 2004.

Kisha jirani akajenga bandari zake. Shenzhen, iliyo karibu na viwanda na yenye gharama ndogo, iliipita Hong Kong mwaka 2013. Kwa kipimo cha kontena la futi 20, Hong Kong ilihudumia zaidi ya milioni 24 mwaka 2011. Mwaka 2023 ilihudumia milioni 14 hivi. Hakuna aliyeisusia. Wenye mizigo walipiga hesabu ya nauli ya lori, siku za kusubiri na ada za gati, wakachagua.

Mji haukufa, kwa sababu ulikuwa umejijenga katika mambo yasiyohamishika kwa kreni: benki, bima za meli, usuluhishi wa migogoro ya kibiashara, usajili wa meli, na uwanja wa ndege ambao kwa miaka mingi umeongoza duniani kwa mizigo ya anga. Lakini mgeni anayepita leo kwa basi karibu na Kwai Chung anapita kando ya gati zilizojengwa kwa ajili ya mzigo ambao sehemu yake kubwa sasa hupakiwa kwingine.

Mombasa, ambayo mwaka 2024 ilihudumia takribani makontena milioni 2 kwa kipimo hichohicho, inategemea sana mzigo wa Uganda unaopita Ushoroba wa Kaskazini. Dar es Salaam inategemea Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia kupitia Ushoroba wa Kati. Lamu ilifungua gati lake la kwanza mwaka 2021, Tanga imeongezewa kina, na upande wa Atlantiki reli ya Lobito inayatafuta madini ya Katanga. Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, imeruhusu mzigo kulipiwa ushuru mara moja bandarini. Hata hivyo madereva wa malori bado wanalalamikia vizuizi, mizani na mabadiliko ya ghafla ya ada.

Kila mara nchi moja ya Jumuiya inapompandishia jirani tozo au kuzuia lori zake mpakani, inampa sababu ya kutafuta njia nyingine. Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari, lakini zina uwezo wa kuchagua, na ramani ya reli na barabara inazidi kuwapanulia uchaguzi huo. Hong Kong ilikuwa na jirani mmoja tu na ikapoteza karibu nusu ya makontena yake. Mombasa na Dar es Salaam zina wateja katika nchi nyingi zaidi, na bado zina nafasi ya kuwashika kwa huduma ya haraka, ada zinazotabirika na mipaka isiyofungwa kwa amri ya usiku mmoja.